Mkanda wa Jeshi Unapoingia Sikioni



Katika ukurasa huu tumezoea kuandika habari za mishahara, za likizo na za ajali kazini. Safari hii tumeonelea ni vema tuandike habari za ugonjwa mmoja. Si ugonjwa wa kila siku, na wengi wenu hamjauona. Lakini ukimpata mtu humpa muda mfupi sana wa kutafuta dawa. Muda huo ukipita, huenda akabaki na uso uliopinda, jicho bovu na sikio lisilosikia kwa maisha yake yote. Mwenzetu mmoja umempata, na yaliyomfika ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Mwenzetu huyo ni fundi wa mashine, mtu wa makamo, asiyependa kukosa kazi. Siku ya Jumatatu alianza kuumwa sikio la kulia. Yalikuwa maumivu ya ndani, kama msumari unaogongwa. Alidhani ni vumbi la kiwandani, akatia mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto. Jumatano alfajiri alipokuwa akinywa chai, chai ilimwagika kutoka pembe ya mdomo. Mkewe akamwambia, "Baba Musa, mbona uso wako umekwenda upande?"

Alikuja kazini vivyo hivyo. Akamwomba msimamizi ruhusa ya kwenda hospitali. Msimamizi akamtazama, akasema, "Mzee, hiyo ni baridi ya usiku tu. Maliza zamu za wiki hii, Jumamosi utakwenda." Nasi wanachama wenzake tulifanya nini? Tunaona haya kusema. Jicho lake moja lilikuwa wazi na la pili linapepesa, basi tulimtania kwamba anawakonyeza wapishi wa kantini. Huko nyumbani majirani walisema ametupiwa jini, na Jumamosi na Jumapili zikapita akiwa kwa mganga wa kienyeji akifukizwa ubani.

Jumatatu ya pili ndipo alipomwona daktari. Daktari alichungulia sikio, akaona malengelenge, akauliza uso umepinda tangu lini. Alipojibiwa alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ungalikuja Jumatano."

Hakuna aliyemtakia mabaya mwenzetu. Msimamizi hakujua, majirani hawakujua, na sisi wa tawi hatukujua. Makala haya tunayaandika ili pasiwe na tawi jingine la kusema kwamba halikujua.

MKANDA WA JESHI NI NINI

Ugonjwa wenyewe ni mkanda wa jeshi, ule ule ambao wengi mnaufahamu unapotokea kifuani au kiunoni. Malengelenge hujipanga mstari upande mmoja wa mwili kama mkanda wa askari, na ngozi huwaka kama imemwagiwa maji ya moto. Tofauti ni kwamba mara nyingine mkanda huo hautokei kiunoni bali sikioni, na hapo ndipo unapoleta hatari tunayoieleza.

Chanzo chake si jini, si uchawi, wala si upepo wa dirishani. Ni virusi vya tetekuwanga. Karibu kila mmoja wetu aliugua tetekuwanga utotoni. Vipele vilikauka, mtoto akarudi kucheza, na wazazi wakasahau. Lakini virusi havikutoka mwilini. Vilijificha katika vifundo vya mishipa ya fahamu, yaani ile mishipa inayopeleka habari baina ya mwili na ubongo. Huko hulala miaka 20, 40 au hata 60, na mwenye mwili hana habari.

Askari wanaovilinda virusi hivyo visiamke ni kinga ya mwili. Kinga ikipungua, virusi huamka na kufuata mshipa mpaka kwenye ngozi. Kinga hupungua kwa uzee, kwa maradhi mengine, kwa dawa fulani kali, na kwa virusi vya ukimwi. Mara nyingine huamka kwa mtu mwenye afya yake bila sababu inayoonekana.

Aliyeeleza vizuri jinsi mkanda wa jeshi unavyoshika sikio na uso ni daktari wa Marekani, James Ramsay Hunt, mwaka 1907. Alionyesha kwamba virusi hulala katika kifundo cha mshipa wa uso, karibu kabisa na sikio. Mpaka leo madaktari huuita ugonjwa huu kwa jina la Ramsay Hunt. Nao hauchagui tajiri wala maskini. Mwezi Juni 2022 mwimbaji Justin Bieber wa Canada, kijana wa miaka 28, aliwaonyesha watu wa dunia nzima nusu ya uso wake usiocheka wala kupepesa jicho. Akaahirisha maonyesho yake kwa sababu ya ugonjwa huu huu.

KWA NINI USO HUPINDA

Mafundi wa umeme wataelewa upesi. Mshipa wa uso hutoka kwenye ubongo ukapita ndani ya mfupa ulio nyuma ya sikio, katika njia nyembamba, kama waya unaopitishwa ndani ya bomba. Waya wa kawaida hauvimbi, lakini mshipa ukishambuliwa na virusi huvimba. Bomba ni mfupa, halitanuki. Basi mshipa hujibana wenyewe, na habari kutoka ubongoni hazipiti. Misuli ya upande ule wa uso hulegea, kwa kuwa haipati amri yoyote.

Pembeni mwa mshipa huo, katika njia hiyo hiyo, upo mshipa wa pili. Huu ndio unaotufanya tusikie, na ndio unaotufanya tusimame bila kuyumba. Virusi vikivuka kutoka mshipa wa kwanza kwenda wa pili, mgonjwa husikia mvumo sikioni, husikia kwa shida au asisikie kabisa, na huona dunia inazunguka. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na maradhi ambayo kwa macho yetu ni matatu au manne, kumbe ni moja.

DALILI ZAKE

Zifuatazo ndizo dalili za kuangalia. Si lazima zote zitokee, wala hazifuati utaratibu mmoja.

Kwanza, maumivu makali ndani ya sikio au nyuma yake. Mara nyingi hutangulia mambo mengine kwa siku kadhaa.

Pili, malengelenge madogo yenye maji juu ya wekundu. Hutokea kwenye sikio au ndani ya tundu lake, na mara nyingine juu ya ulimi au kwenye kaakaa. Ni madogo, kwa hiyo mtazame mwenzako kwa tochi, kwani mwenyewe hawezi kuliona sikio lake. Kwa baadhi ya wagonjwa malengelenge hutokea baada ya uso kupinda, na kwa wengine hayaonekani hata siku moja.

Tatu, upande mmoja wa uso hulegea. Jicho halifungi, mdomo unavutwa upande mwingine, mate na chai humwagika, na mtu hawezi kupiga mluzi.

Nne, ladha hupotea upande mmoja wa mbele wa ulimi. Chumvi na sukari huwa sawa.

Tano, usikivu hupungua au mvumo huingia sikioni. Wengine kinyume chake huona kila sauti ni kelele.

Sita, kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika.

JE, SI KIHARUSI?

Watu wengi wakiona uso umepinda husema ni kiharusi. Mara nyingine ni kweli, na kiharusi ni hatari kuliko ugonjwa huu. Kama mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, kama maneno hayatoki au hayaeleweki, usiangalie sikio wala usingoje kitu. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Ipo alama moja inayosaidia. Mwambie mgonjwa anyanyue nyusi zake juu. Katika kiharusi, kwa kawaida paji la uso hukunjamana pande zote mbili, ingawa mdomo umepinda. Mshipa wa uso ukiwa ndio ulioumia, nusu ya paji hubaki laini, haina mkunjo. Hata hivyo sisi si madaktari. Alama hiyo isimfanye mtu yeyote abaki nyumbani. Uso uliopinda ghafla, kwa sababu yoyote ile, ni safari ya hospitali siku ile ile.

Upo pia upoozaji wa uso usio na malengelenge wala maumivu makali ya sikio. Huo ndio unaotokea zaidi, na wengi hupona hata bila dawa kwa wiki au miezi michache. Nadhani mnaona hatari iliyopo hapo. Watu wamewaona jirani zao wakipona wenyewe, basi husema, "Ngoja, utarudi." Uso uliopinda kwa mkanda wa jeshi haurudi kirahisi hivyo.

SIKU TATU ZA KWANZA

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kwalo tumeandika yote haya. Mwaka 1997 madaktari wa Japani walitoa matokeo ya kuwatazama wagonjwa 80 waliotibiwa ugonjwa huu kwa dawa ya kuzuia virusi pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe. Walioanza dawa katika siku 3 za kwanza tangu uso kupinda, uso ulirudi sawasawa kwa 75 katika kila 100. Walioanza baina ya siku ya 4 na ya 7, walikuwa 48 katika kila 100. Waliochelewa zaidi ya siku 7, walikuwa 30 tu.

Mwenzetu uso ulipinda Jumatano, akaanza dawa Jumatatu. Aliingia katika kundi la pili, ambalo karibu nusu yake hupona. Bahati haikumwangukia.

Dawa ya kuzuia virusi inayojulikana zaidi ni asaiklova, iliyoanza kutumika miaka ya 1980. Mmoja wa waliofanya kazi iliyoizaa, mama Gertrude Elion wa Marekani, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida ni miligramu 800, mara tano kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Zipo pia dawa nyingine za jamii hiyo zinazomezwa mara tatu kwa siku. Dawa hizi haziui virusi vilivyolala, bali huvizuia visizidi kuongezeka. Ndiyo sababu ya kuharakisha: mshipa ukishakufa, hakuna kidonge cha kuufufua.

Dawa ya pili ni ya kupunguza uvimbe, hasa predinisoloni. Hiyo msijinunulie dukani. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, kifua kikuu au shinikizo la damu anaweza kudhurika nayo, kwa hiyo ni lazima daktari ajue. Na dawa za kuua bakteria, ambazo wengi hukimbilia wakiumwa sikio, hazina nguvu juu ya virusi. Mafuta ya moto nayo huongeza kidonda juu ya kidonda.

Ndugu aliyekwisha kuchelewa asikate tamaa. Aende tu, maana hata baada ya siku hizo wapo wanaofaidika, na lipo jambo jingine la kuokoa, nalo ni jicho.

LINDENI JICHO

Jicho lisilofunga hukauka. Vumbi, pamba, cheche na upepo huingia bila kizuizi, na kioo cha mbele cha jicho huchubuka na kufanya kidonda. Wengine wamepoteza kuona si kwa sababu ya virusi, bali kwa sababu hakuna aliyewaambia walifunike jicho.

Mchana, mgonjwa atumie matone ya kulainisha jicho kama atakavyoelekezwa, na avae miwani ya kukinga. Usiku apake marhamu ya macho, kisha kope zifungwe kwa plasta laini. Jicho likiuma, likiwa jekundu au likiona ukungu, arudi kwa daktari siku hiyo. Na mchomeleaji vyuma, mpasua mbao au mpakia saruji asirudi kwenye kazi yake mpaka jicho liweze kujifunga au daktari aseme linalindwa vya kutosha.

Tukumbuke pia kizunguzungu. Mtu anayeona dunia inazunguka hafai kupanda ngazi, kuendesha lori wala kusimama mbele ya mashine inayokata. Na asiyesikia upande mmoja hatasikia gari la kunyanyua mizigo linalorudi nyuma. Kumwambia mtu wa namna hiyo amalize zamu ni kuwaweka hatarini yeye na wenzake.

JE, HUAMBUKIZA?

Mkanda wa jeshi haumpi mwingine mkanda wa jeshi. Lakini maji ya malengelenge yana virusi, na mtu ambaye hajapata kuugua tetekuwanga wala kuchanjwa anaweza kuipata tetekuwanga kutoka kwake. Kwa hiyo malengelenge yafunikwe na mikono ioshwe. Mpaka yakauke na kufanya vigaga, mgonjwa akae mbali na wanawake wajawazito ambao hawajaugua tetekuwanga, watoto wachanga na watu wenye kinga dhaifu. Hakuna sababu ya kumtenga na sahani yake kama mwenye laana.

Jambo jingine tuliseme bila kuzunguka. Mkanda wa jeshi kwa kijana unaweza kuwa dalili ya virusi vya ukimwi. Si lazima iwe hivyo, kwani wengi wenye mkanda wa jeshi hawana virusi hivyo. Lakini kupimwa ni busara, na majibu ni siri ya mgonjwa. Msimamizi hana haki ya kuyauliza, wala sisi hatuna haki ya kuyakisia kwenye kantini. Akikutwa navyo, dawa za kufubaza zipo, na kinga yake itapata nguvu tena.

Chanjo ya mkanda wa jeshi ipo. Ile mpya iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, hutolewa kwa sindano mbili, na katika nchi tajiri hupewa hasa watu wa miaka 50 na zaidi. Kwa wengi wetu bado iko mbali. Kinga tuliyo nayo mkononi ni kujua dalili na kwenda mapema.

HAKI YAKO UKIUGUA

Mwenzetu aliogopa kwamba akiondoka bila ruhusa atapoteza kazi. Hofu hiyo ilimgharimu uso wake. Hivyo basi kila mmoja na ajue sheria inavyosema.

Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kwamba mfanyakazi aliyemaliza angalau mwezi mmoja kazini, akishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa, alipwe mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwepo. Wajibu wake ni kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo, na kuleta cheti cha daktari akitakiwa. Ugonjwa ukiendelea mpaka mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaweza kuvunja mkataba baada ya kutimiza masharti yake yote. Mnaona basi kwamba anayetibiwa mapema analinda pia ajira yake.

Madereva wetu wanaovuka mipaka na ndugu wa nchi jirani wajue yafuatayo. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, baada ya miezi miwili mfululizo kazini mfanyakazi ana siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Tanzania Bara, kwa sheria ya mwaka 2004, ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Nchi zote hizo cheti cha daktari ndicho silaha yako. Usitoke hospitali bila cheti.

TUNAYOYAOMBA MATAWI

Tunaomba kila tawi lizungumze na mwajiri mambo matatu. La kwanza, mfanyakazi yeyote ambaye uso wake umepinda ghafla aachiwe kwenda hospitali saa hiyo hiyo, bila kungoja mwisho wa zamu. La pili, wasimamizi na wahudumu wa zahanati za viwandani wafundishwe kuchungulia sikio. La tatu, anayerudi kazini akiwa na jicho lisilofunga au sikio lisilosikia apewe kazi inayomfaa mpaka apone, na asipunguziwe mshahara kwa sababu ya sura yake.

Na sisi wenyewe kwa wenyewe tuna wajibu. Yule anayemwona mwenzake asubuhi ndiye daktari wa kwanza. Ukimwona chai inammwagika, usicheke. Mwambie anyanyue nyusi, afumbe macho, aonyeshe meno. Muulize kama sikio linauma. Kisha mshike mkono, mmoja wenu amfikishe kwa msimamizi na mwingine atafute gari. Kama hana nauli, mfuko wa tawi utoe. Nauli ya siku moja ni ndogo kuliko mchango wa miaka.

Mwenzetu amerudi kazini. Analivaa lile jicho miwani mchana na plasta usiku, na ukimsemesha lazima usimame upande wake wa kushoto. Tulipomwomba ruhusa ya kuandika habari zake alikubali, akasema neno moja tu: tusisahau kuandika siku. Basi tunaandika. Uso ukipinda Jumatano, daktari ni Jumatano.